Kioo cha Kushoto cha Mama Mito

Mama yangu mdogo hajawahi kupanda ndege hata siku moja, lakini ukimuuliza nchi inaonekanaje kutoka angani atakueleza mpaka uchoke. Atakwambia msitu ukitazamwa kutoka juu haufanani na miti, unafanana na blanketi la sufu lililochakaa. Atakwambia reli ina adabu, barabara haina, na mto ni kitu kisichoisha kubadili mawazo. Miaka ishirini na saba amekaa kwenye kiti kilekile, kwanza ofisi ya ramani na baadaye nyumbani kwake, akitazama picha zilizopigwa na ndege na kuzigeuza kuwa mistari. Barabara wanachora wengine, majumba wanachora wengine. Yeye ni mito tu. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Mito, pamoja na wale wasiojua anafanya kazi gani, ambao nina hakika baadhi yao wanadhani anachimba visima.

Kazi hiyo inataka vioo viwili vya kompyuta. Cha kushoto kinaonyesha picha ya angani, cha kulia kinaonyesha ramani. Anatazama kushoto aone maji yanaelekea wapi, kisha anatazama kulia, mkono unasogeza kipanya, na mstari wa buluu unatambaa kidogo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiletwa kwake wakati wa likizo, nalala sakafuni kwenye zulia namtazama. Kichwa chake kilikuwa kikienda huku na huku, huku na huku, kama mtu anayekataa kitu kwa upole. Nilikuwa nikisinzia hivyo, na nikiamka nakuta mto umeongezeka urefu wa kidole.

Kwa miaka tisa ya mwisho alikuwa na mto mmoja tu, mrefu kuliko yote aliyowahi kupewa, na aliuchora kinyumenyume, kuanzia unapomwagikia kwenda unapoanzia. Aliujua kama watu wanavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Ukimkuta amekaa kimya, macho yamemlegea na chai mkononi, usimsemeshe, kwa sababu yuko kwenye kona fulani kule anasubiri mvua ipite. "Leo nimelala kwenye kile kisiwa chenye umbo la kiatu," alikuwa akiniambia kwenye simu, nami namjibu, "Kulikuwa na mbu?" naye anasema hapana, palikuwa na upepo mzuri sana.

Ikabaki karatasi moja ya ramani, ya kichwa cha mto, kule kwenye chemchemi. Hapohapo ofisi ikapata mkuu mpya, mwanamke mpole mwenye haraka, na programu mpya inayochora mito yenyewe bila mtu. Mkuu akampigia kumwambia apumzike, karatasi ya mwisho itamalizwa na programu. Mama mdogo hajui kugombana. Alisema tu, "Niachie chemchemi." Mkuu akampa mpaka mwisho wa mwezi. Basi alichokuwa akikitaka duniani kilikuwa hicho kimoja: kufika mto unapoanzia kwa mkono wake mwenyewe, na akifika hapo azime kompyuta na kuwa mzee kama watu wengine.

Jumatatu moja akanipigia. "Mwanangu, kushoto kumekufa."

Mimi ni fundi wa kompyuta. Niseme ukweli mapema, nina hasira za karibu. Mashine nazivumilia, watu wananishinda. Mtu anakwambia hajagusa kitu, na wewe unaona alama za kisu cha mezani kwenye skrubu. Lakini kwa mama mdogo hasira zangu zilikuwa zikibaki mlangoni pamoja na viatu, au ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya.

Nilikwenda siku hiyohiyo. Kompyuta yake ni ya zamani, kadi yake ya picha ina tundu moja tu linalofanya kazi, kwa hiyo kila kioo kina kadi yake. Kadi ya pili, ile ya kushoto, ilikuwa imeungua. Nilipoifungua mashine harufu ilinipiga puani, na kwenye kadi vile vipipa vidogo vya kuhifadhi umeme vilikuwa vimefura na kupasuka vichwa. Hapakuwa na cha kujiuliza. Mama mdogo alisimama begani kwangu akaitazama kadi, kisha akanitazama mimi usoni, akasema, "Maskini, imefanya kazi sana." Akanipa chai. Nikamwambia nitaleta nyingine Alhamisi, asiguse kitu.

"Nitagusa nini," akasema, "na mto wenyewe uko gizani?"

Alhamisi nilifika saa saba mchana. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta ameshakaa mezani, ameshika kipanya, anatabasamu peke yake. Nilipiga hodi, nikasalimia, hakuitika. Nikasema ameshafika kisiwani huyu. Nikazunguka meza nikamsalimia tena kutoka upande wa dirisha, ndipo akageuka akafurahi sana, utadhani nimetokea hewani.

"Marahaba, mwanangu. Umeingilia wapi?"

"Mlangoni, mama mdogo. Kama watu wengine."

"Sijakuona." Akacheka. "Siku hizi natembea sana."

Chai yake ilikuwa pembeni, mkono wa kushoto, imejaa na imepoa mpaka imefanya utando. Niliiona. Mambo yote ya siku ile niliyaona, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nieleze chumba kilivyo, maana bila hivyo utaniona mjinga zaidi ya nilivyo. Meza yake iko katikati ya chumba, dirisha likiwa mkono wake wa kulia, kwa sababu hapendi jua limpige kisogoni. Vioo viwili vinamtazama yeye. Kasha la kompyuta liko sakafuni upande wa pili, na matundu yote ya waya yanatazama huko. Ukitaka kufanya kazi unakaa chini nyuma ya meza, unaona migongo ya vioo, vumbi, waya, na chini ya meza miguu ya mama mdogo. Yeye anabaki mbele. Wewe unachomeka, yeye anakwambia anaona nini. Hivyo ndivyo tulivyotengeneza kompyuta ile kwa miaka yote, na hivyo ndivyo mafundi wengi tunavyofanya: tukishaingia nyuma ya mashine, macho ya mteja ndiyo macho yetu.

Kwanza niliiweka kadi mpya ndani ya kasha, kisha nikakaa mbele nikaingiza programu yake kwa kutumia kioo cha kulia. Cha kushoto kilikuwa cheusi kweli, kwa macho yangu mwenyewe. Nilijua sababu. Kadi mpya ilikuwa inataka waya wake wa umeme wa peke yake, nami sikuwa nimeuchomeka. Nikampisha kwenye kiti, nikaenda nyuma, nikakaa sakafuni, nikauchomeka na kubonyeza kitufe. Feni ya kadi ikazunguka. Ni sauti nzuri ile, ya kitu kinachoamka bila kununa.

"Haya, mama mdogo. Kushoto kunaonekana?"

"Kulia kupo."

"Kulia najua. Kushoto?"

"Kushoto hamna kitu."

Nikaizima, nikaitoa kadi, nikaisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikairudisha mpaka ikalia tak. Nikawasha.

"Sasa?"

"Bado."

Nikaihamishia kwenye nafasi nyingine ndani ya kasha. Bado. Nikabadilisha waya wa kioo kwa mwingine niliokuja nao. Bado. Jua lilikuwa limeingia dirishani na kulala sakafuni, joto lake limenifika mapajani, feni zinavuma taratibu, na mle chini ya meza mlikuwa na utulivu wa kulevya. Kila nikiuliza, sauti yake ilikuwa ikinijia kutoka mbali, laini, ya mtu anayeongea kutoka ng'ambo. Niliona miguu yake. Wa kulia ulikuwa na ndala. Wa kushoto ulikuwa mtupu, na ndala yake sikuiona popote. Nikasema moyoni, huyu naye, ndala ameiacha mtoni.

"Kushoto kwako au kushoto kwangu?" nikauliza, maana tulikuwa tumekaa kinyume.

"Kushoto kwangu. Kwako mimi sikujui."

Tukacheka wote wawili. Hiyo ilikuwa saa nane na nusu.

Ilipofika saa tisa sikuwa nacheka tena. Kadi ilikuwa mpya. Nilikuwa nimeijaribu kwangu usiku wa jana yake na ilifanya kazi vizuri. Na mkononi nilikuwa na kadi ya akiba, nikaiweka, nayo ikafa hivyohivyo. Mtu hapati kadi mbili mbovu kwa mkupuo.

"Mama mdogo, hebu angalia vizuri basi! Hata taa ndogo? Hata maandishi?"

"Naangalia, mwanangu."

"Unaangalia au unaota?"

Nilimsikia akivuta kiti mbele, kama mwanafunzi aliyekaripiwa. Sauti yangu ilikuwa ya ukali, ile ninayowatolea wateja wa visu vya mezani. Nikajisikia vibaya, lakini sikuomba radhi. Nilikuwa na kazi.

Sisi mafundi tuna njia moja ambayo haijawahi kuniangusha. Ukitaka kujua mgonjwa ni nani, hamisha kimoja kimoja. Ukihamisha waya na ubovu ukahama nao, mgonjwa ni waya. Ukihamisha kioo na ubovu ukabaki palepale, kioo ni kizima, katafute nyuma yake. Njia hii haina hasira wala haina upendeleo. Kwa hiyo nikairudisha ile kadi mpya, nikaanza upya, kwa utaratibu. Nikazibadilishanisha nyaya: ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Nikawasha.

"Kulia kunaonekana," akasema. "Kushoto hamna."

Yaani kadi mpya, ile niliyodhani imekufa, sasa ilikuwa inawasha kioo cha kulia bila tatizo. Basi mgonjwa ni kioo. Nikavizima vyote, nikasimama, nikavinyanyua kutoka nyuma vikiwa vyeusi, nikavipishanisha juu ya meza, nikarudi chini, nikawasha.

"Kulia kunaonekana vizuri kabisa. Kushoto hamna."

Nikakaa pale sakafuni na bisibisi mkononi. Kioo kilichokuwa maiti kilikuwa kimefufuka, na kilichokuwa kizima kimekufa. Kila kitu nilichokihamisha kilipona kikifika kulia na kufa kikifika kushoto. Kadi, waya, kioo, vyote. Nilijikuna kichwa. Nikaanza kuhesabu nilichokuwa sijakihamisha. Meza. Sakafu. Ukuta.

Nikainuka kwa magoti, nikatokeza kichwa juu ya vioo kumwambia kwamba nimeshindwa, sijui nifanyeje.

Mama mdogo alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, mpole. Amevaa miwani yake mikubwa ya kazi. Na ndani ya miwani ile, kwenye kila jicho, niliviona vioo vyote viwili. Vilikuwa vidogo, vimekaa jirani, vinang'aa. Kimoja kina mstari wa buluu. Kingine kimejaa kijani kibichi cha msitu, ile picha ya karatasi ya mwisho, imewaka mpaka kona zake nne.

Nilibaki nimepiga magoti. Sijui ni kwa muda gani. Nakumbuka vumbi likielea kwenye jua, na nakumbuka nikiwaza, kwa utulivu wa ajabu, kwamba msitu ule ni mzuri.

Nikazunguka meza taratibu. Nikasimama mkono wake wa kushoto, karibu kabisa, nguo yangu inagusa kiti.

"Mama mdogo."

"Eeh. Uko wapi?" Akageuka kulia, kuelekea dirishani, akanitafuta huko. "Umetoka?"

Nikamgusa bega la kushoto. Akashtuka, akageuka kulia zaidi. Vioo vilikuwa mbele yake vyote viwili, vinawaka, na kwenye kile cha ramani niliona alichokuwa akichora kwa kumbukumbu kabla sijafika: vijito vidogo vidogo vya pembeni, vyote nusu ya kulia. Katikati ya ukurasa vilikatika ghafla kama vilivyokatwa kwa wembe. Chai ilikuwa pale pembeni, imejaa.

"Simama, mama," nikasema. "Tunatoka."

"Kwenda wapi? Kushoto hakujawaka."

"Kumewaka, mama. Kumewaka tangu saa nane."

Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali bila kuuliza swali. Ndala ya kushoto niliikuta jikoni, na nilimvisha mimi.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpa mama mdogo karatasi yenye mstari mmoja mrefu uliolala na kumwomba aweke alama katikati yake. Mwanamke huyu ameishi na mistari miaka ishirini na saba. Akaishika kalamu vizuri, akainama, akaweka alama mwishoni kabisa upande wa kulia, kidole kimoja kabla ya mstari kuisha. "Hapo," akasema, na alikuwa na uhakika. Nikatazama ukuta.

Mshipa mdogo ulikuwa umeziba upande wa kulia wa ubongo. Macho ni mazima, alisema daktari, ila ubongo umeacha kupokea habari za kushoto, na mtu mwenyewe hajui kuna kinachokosekana. Haoni giza. Anaona dunia imeisha pale.

"Ilianza lini?" akaniuliza.

Swali dogo sana hilo. Dawa ya kuzibua mshipa ina saa zake, zikipita hawathubutu kuitoa. Nilijaribu kuhesabu. Jumatatu alinitazama usoni. Alhamisi saa saba hakuniona mlangoni. Saa kumi ndipo nilipoinua kichwa. Nikamwambia daktari ukweli, kwamba masaa mawili nilikuwa chini ya meza nikimuuliza anaona nini, na kila mara alinijibu.

Daktari alisema huenda ilianza usingizini, alfajiri, na hata ningeingia na kumkimbiza saa ileile pengine isingesaidia. Ni mtu mwema. Mimi sikumwamini wakati ule, na zipo siku ambazo mpaka sasa simwamini.

Wiki za kwanza alikuwa akila nusu sahani na kulalamika kwamba siku hizi ninamnyima chakula. Nikiigeuza sahani anashangaa: kumbe kipo! Alikuwa akichana nywele upande mmoja, anatoka amependeza nusu. Tulicheka, maana yeye alicheka kwanza, na baada ya kucheka nilikuwa nikienda bafuni kufungua maji ili asinisikie. Nesi wa mazoezi alimfundisha jambo moja, akalirudia mpaka likawa wimbo: usiamini kwamba umefika mwisho mpaka uone nyekundu. Kila kitu cha kushoto kilitiwa nyekundu. Ukingo wa sahani, fremu ya mlango, kona ya kitabu. Nilifunga nyuzi nyekundu za sufu kila mahali, nyumba ikawa kama ya mtu anayefuma sweta lisilokwisha.

Mkuu wa ofisi alikuja kumtazama. Alikaa, akashika mkono wake, akasema kwa huruma ya kweli kwamba programu imalizie karatasi ile na jina la mama mdogo liandikwe chini. Niliona ni jambo zuri. Nilitaka akubali.

"Ukiniandika jina mahali ambapo sijafika," mama mdogo alisema, "nitakuwa nimesema uongo kwa miaka tisa."

Mkuu akaongeza mwezi.

Basi nikarudi na vifaa vyangu. Nilikuwa na mpango: nikiweka vioo kimoja juu ya kingine, kushoto hakutahitajika tena. Nilikuwa nimeshatengeneza na kishikizo chake. Mama mdogo alikitazama kwa heshima, kama zawadi isiyomtosha.

"Chemchemi iko kushoto," akasema. "Mto wote umetoka huko. Nitaufuata hukohuko."

Nikafunga uzi mwekundu ukingoni mwa kioo cha kushoto, na mwingine ukingoni mwa kile cha kulia, upande wake wa kushoto. Nikaenda nyuma, nikakaa sakafuni, nikachomeka nyaya. Miguu yake ilikuwa palepale, ndala mbili. Nikawasha. Feni zikazunguka.

"Sasa?" nikauliza.

"Subiri. Bado nageuka."

Nikasubiri.

"Nimeona nyekundu," akasema. "Na msitu upo."

Safari hii sikuridhika na sauti. Niliinuka, nikazunguka meza, nikaenda kusimama begani kwake upande wa kushoto, nione mwenyewe.

Ilimchukua siku kumi na moja. Mwanzoni kichwa chake kilikuwa kikienda kushoto kwa shida, kama mlango uliovimba kwa mvua, kinafika katikati kinasita, midomo inasema nyekundu, nyekundu, kisha kinasogea tena. Kazi aliyokuwa akiifanya kabla ya kifungua kinywa ilikula siku nzima. Nilihamishia kazi zangu kwenye lile zulia nililolala utotoni. Nilikuwa nikifungua mashine za watu huku nikimsikia akihema, na mara nyingine mchana nilisinzia, nikiamka mstari wa buluu umeongezeka urefu wa punje.

Siku ya kumi na moja, alasiri, akaachia kipanya. "Nimefika," akasema.

Nikasimama. Alikuwa ameumaliza mto kwenye doa jeusi dogo katikati ya kioo, dimbwi chini ya mwamba. Lakini mimi nilikuwa upande wa kushoto, na niliona. Maji hayakuishia pale. Uzi mwembamba, mwembamba kweli, ulitoka nyuma ya dimbwi lile ukaingia tena msituni, ukaendelea kushoto mpaka karibu na ukingo.

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ningesema, angefika kwa macho yangu. Nisiposema, angezima kompyuta na kubaki amekosea maisha yake yote, na mimi ningekuwa nimemwacha kwa mara ya pili. Nilishika mgongo wa kiti chake. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyekwisha kuvua viatu. Nikahesabu pumzi zangu. Moja, mbili, mpaka saba.

"Ngoja," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Nyekundu nimeiona?"

Nikazidi kukishika kiti chake.

"Sijaiona," akajijibu.

Akakishika tena kipanya. Kichwa kikaanza kugeuka, kikafika dimbwini, kikasita pale pale, nikaona mshipa wa shingo umesimama. Kikasogea. Nikasikia pumzi yake inavutwa, ndefu, na mkono ukaanza kutembea. Mstari ukatoka nyuma ya dimbwi, ukaingia msituni, ukapita chini ya kivuli cha wingu lililopigwa picha siku moja zamani na ambalo halitaondoka hapo tena, ukapinda mara mbili, ukawa mwembamba mpaka ukakosa pa kwenda, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye uzi wa sufu.

Akabonyeza mara ya mwisho. Akakaa.

Kisha, bila mtu kumwambia, akaendelea kugeuza kichwa. Akaupita uzi mwekundu, akaupita ukingo wa kioo, akaja polepole mpaka nje ya ramani, nilipokuwa nimesimama na machozi yananitoka waziwazi. Akanitazama usoni kama Jumatatu ile.

"Kumbe uko huku," akasema. "Nimekutafuta sana."